Mtaala wa Zamani Ustaafishwe, Usifukuzwe

Mwezi Februari mwaka 2025 tulikuwa katika kata ya Ruaruke, wilayani Kibiti, tukiwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja tuliketi nyuma ya darasa la IV, kwenye dawati lililokwisha kupoteza mguu mmoja na kuegemezwa ukutani, tukasikiliza somo la Jiografia na Mazingira. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, zana zake zilikuwa tayari, na mwandiko wake ubaoni ulisomeka hadi huko nyuma tulikokaa. Alianza kwa maneno ambayo sisi wenyewe tulimfundisha chuoni: "Mwaka jana, mlipokuwa darasa la III, mlijifunza..." Watoto wakaitikia na mikono ikainuka.

Mvulana mmoja hakuinua mkono. Alikuwa ametoa katika begi lake kitabu cha Maarifa ya Jamii, kimekunjamana kama kitu kilicholowa maji kikaanikwa juani, akakiweka mbele yake kwa uangalifu. Mwanachuo alipopita kati ya madawati alikiona. Akasema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya: "Hicho kimefutwa. Kirudishe begini." Mvulana akakirudisha. Tangu hapo hadi kengele ilipogongwa hakufungua kitu kingine chochote.

Baada ya kipindi tulimwita, tukaketi naye chini ya mwembe. Mwaka 2024 alikuwa darasa la IV katika shule nyingine, huko deltani. Mwezi Aprili mwaka huo yakaja mafuriko yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na kuwatoa watu majumbani mwao. Wazazi wake walipoteza mpunga wote. Yeye alikaa muda mrefu bila kwenda shule, kisha akaletwa kwa bibi yake Ruaruke, na mwaka uliofuata akaanza darasa la IV upya. Tulipomwuliza habari za maji, alitueleza tofauti ya bamvua na maji mafu, na ni wakati gani mtumbwi hauwezi kupita katika vijito vya mikoko, kwa ufasaha ambao sisi tuliosoma vyuoni hatukuwa nao. Hakuwa mtoto mzito wa akili. Lakini maneno yale "mwaka jana mlijifunza" hayakumhusu hata kidogo. Alipokuwa darasa la III, mwaka 2023, somo lenyewe halikuwapo katika ratiba ya shule yake wala ya shule nyingine yoyote ya msingi ya Serikali.

Yafaa tueleze jinsi jambo hili linavyotokea, maana wengi wa wanachuo tuliozungumza nao hawakuwa wamelitafakari. Mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, haukuanza katika madarasa yote kwa siku moja. Katika elimu ya msingi ulianza Januari 2024 kwa darasa la I na darasa la III. Mwaka 2025 ukafika darasa la II na la IV. Mwaka 2026 ni zamu ya darasa la V. Na mwaka 2027 darasa la VI, ambalo kwa mpango mpya ndilo darasa la mwisho la elimu ya msingi. Wale waliokuwa darasa la IV mwaka 2024 waliachwa waendelee na mtaala wao wa zamani, wenye Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, na Sayansi na Teknolojia, hadi watakapomaliza darasa la VII mwaka huohuo wa 2027. Baada yao mtaala ule hautakuwa na mwanafunzi katika shule za msingi.

Mpango huo ni wa busara. Haukumwondoa mtoto katika safari aliyokwisha kuianza. Lakini una mpaka, na mpaka huo husogea mwaka hadi mwaka pamoja na darasa moja tu la watoto: mwaka 2024 ulikuwa juu ya darasa la III, mwaka 2025 juu ya la IV, mwaka 2026 juu ya la V, mwaka 2027 juu ya la VI. Mtoto yeyote wa darasa hilo la mwisho la zamani anayebaki nyuma mwaka mmoja, kwa ugonjwa, kwa mafuriko, kwa kuhama, au kwa kutofaulu upimaji wa darasa la IV, hurudia darasa lilelile akalikuta limekwisha kuwa darasa lingine. Jina la darasa ni moja, lakini vitabu ni vingine, majina ya masomo ni mengine, na kila mada imejengwa juu ya mada ambayo yeye hakuisoma. Kwa kawaida mwenye kurudia darasa hupata faida ya kusikia mara ya pili yale aliyoyasikia nusu. Huyu hapati hata faida hiyo.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba mtaala wa zamani hauna budi kustaafishwa, wala si kufukuzwa. Tofauti ya mambo hayo mawili si ya maneno matupu. Anayefukuzwa huondoka leo na meza yake hufagiliwa leo. Anayestaafu hutangaziwa tarehe mapema, humwonyesha kazi yule atakayeshika nafasi yake, na watu waliozoea kumjia huelekezwa mlango mpya wakati yeye angali kazini; na ikifika tarehe yake huondoka kweli. Wizara na Taasisi ya Elimu zimepanga kustaafu kwa namna hiyo katika ngazi ya taifa. Tunachohofia ni kwamba ndani ya darasa sisi walimu twafukuza.

Mfano mzuri wa kustaafisha tumeuona mahali ambapo hatukuutarajia, katika kazi ya watengenezaji wa programu za kompyuta. Mwanachuo asiogope, hahitaji kuwa fundi ili kuelewa. Programu ya kompyuta haijitegemei. Hutegemea programu nyingine ndogo zilizoandikwa na watu wengine, kama jahazi linavyotegemea tanga la mshonaji, kamba za msokotaji na misumari ya mhunzi. Kila kimojawapo cha vitegemezi hivyo chaweza kubadilishwa na mwenyewe wakati wowote, na toleo jipya la tanga laweza lisikubaliane na toleo la zamani la mlingoti. Kwa hiyo kuna programu maalumu ambayo kazi yake ni kama ya mtunza ghala. Unaipa amri, nayo hukusanya vitegemezi vyote unavyohitaji, kwa matoleo yanayopatana. Mojawapo, inayotumiwa na waandishi wa lugha ya kompyuta iitwayo Python, huitwa pip.

Mwaka 2020 watengenezaji wa pip waliamua kubadilisha kiini cha kazi yake, yaani namna ya kuchagua matoleo. Njia ya zamani ilikuwa na kasoro: iliweza kukubali vitegemezi viwili visivyopatana na kuviweka pamoja bila kukataa, na mtumiaji akaja kugundua baadaye, chombo kikiwa kimekwisha kutweka. Njia mpya ilikuwa kali zaidi, na isipoona mapatano ilikataa. Ni dhahiri kwamba njia mpya ilikuwa bora. Hata hivyo hawakuibadilisha usiku wakati watu wamelala. Katika toleo la mwezi Julai mwaka huo waliiweka njia mpya pembeni, atakaye aijaribu kwa hiari yake. Katika toleo la mwishoni mwa Novemba waliifanya njia mpya kuwa ya kawaida, lakini wakaacha neno maalumu ambalo mtu aliyekwama angeweza kuliongeza katika amri yake ili kuirudia njia ya zamani kwa muda, na neno hilo lenyewe lilimwambia waziwazi kwamba anatumia kitu kilichokwisha kutangazwa kustaafu. Kabla ya mabadiliko mlango wa njia mpya ulikuwa wazi kwa mwenye haraka, na baada yake mlango wa njia ya zamani ulikuwa wazi kwa aliyechelewa. Hakuna aliyefungiwa nje.

Desturi hiyo imeenea sana miongoni mwa watu wa kazi ile. Amri ikizeeka, haifutwi mara moja. Huendelea kufanya kazi, lakini kila inapotumiwa hutoa onyo. Na onyo lenye manufaa husema mambo matatu kwa pamoja, kwamba amri hii itaondolewa, kwamba itaondolewa katika toleo fulani, na kwamba badala yake utumie amri fulani. Onyo lisemalo tu "hii imepitwa na wakati" ni nusu ya onyo, maana lamwambia msafiri kwamba njia imefungwa na kumwacha papo hapo njia panda. Mwanachuo wetu alitoa nusu ya onyo. Alisema "kimefutwa", akasahau kusema ni mlango gani uliofunguliwa.

Upande wa pili pia una funzo, nasi tusiufiche. Lugha hiyohiyo ya Python ilipotoa toleo lake la tatu mwezi Desemba 2008, toleo hilo halikupatana na la pili katika mambo mengi, hata amri nyepesi ya kuandika neno kwenye kioo ilibadilika. Toleo la pili likapewa muda wa kustaafu hadi mwaka 2015. Watu wengi hawakuhama. Tarehe ikasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Kwa miaka 11 kazi ikafanywa mara mbili, na wapo waliohama katika miezi ya mwisho tu. Kustaafisha bila tarehe inayoheshimiwa huwapa wavivu mto wa kulalia, nasi twawafahamu wavivu wa namna hiyo katika vyumba vyetu vya walimu. Wapo wanaofundisha kwa nukuu walizoandika miaka 15 iliyopita, wakabadilisha jina la somo juu ya ukurasa na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya mashine na ya watu wa mbali. Basi na tutazame hapa hapa Rufiji. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na baada yake ikaja Operesheni Rufiji. Watu waliokuwa wakiishi wametawanyika bondeni walihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa kwenye ardhi ya juu isiyofikiwa na maji. Nia ilikuwa njema na inajulikana: watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji safi, wala hawataokolewa tena kila mto unapofurika. Lakini maisha ya mkulima wa Rufiji yalitegemea bonde. Mpunga aliulima huko, na maji yalipopungua alipanda mazao ya mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Nyumba zilihama, udongo haukuhama. Matokeo yake ni kwamba watu walitembea mwendo mrefu kwenda mashambani, na msimu ulipofika wengi walirudi kukaa bondeni katika madungu yao, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na ndege. Aliyepanga kijiji alipanga vizuri alichokiona, yaani nyumba. Hakuhesabu vya kutosha kilichokuwa kikiitegemea nyumba ile kuwa pale ilipokuwa.

Tunautaja mfano huo kwa sababu mwalimu wa Ruaruke hana haja ya kwenda mbali kuutafuta. Wazee wanaokumbuka mambo hayo wako hai, na wajukuu wao wako madarasani. Mtoto ni kama mkulima yule. Waweza kumhamisha kutoka Maarifa ya Jamii kwenda Jiografia na Mazingira kwa siku moja, kwa kubadilisha ratiba iliyobandikwa mlangoni. Maarifa aliyoyapanda mwaka uliopita yamebaki kulekule bondeni, na kama hukumwachia njia ya kuyafikia atakaa kijijini na njaa.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuyapitia mabadiliko ya namna hii mbele yetu. Mtihani wao wa kumaliza elimu ya msingi wa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2022, watoto wa gredi ya 6 wa mtaala mpya na watoto wa darasa la 8 wa mtaala wa zamani walipimwa katika msimu mmoja, kama itakavyokuwa kwetu mwaka 2027 kwa darasa la VI na la VII. Tarehe za mitihani zilijulikana mapema. Jambo ambalo halikujulikana mapema ni wapi gredi ya 7 ingesomea. Uamuzi kwamba ikae katika majengo ya shule za msingi ulitolewa mwezi Desemba 2022, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa. Walimu waliopokea watoto hao Januari 2023 walipokea pia swali la nani afundishe, kwa vitabu gani, katika chumba kipi. Sisi twajua hesabu yetu ya 2027 tangu sasa, na hatutakuwa na udhuru wa kushtushwa nayo.

Tumesikia hoja tatu dhidi ya maoni yetu kutoka kwa wakufunzi wenzetu, nasi tutazijibu kwa kadiri ya uwezo wetu. Ya kwanza ni kwamba mwalimu mgeni atachanganyikiwa akitakiwa kushika mitaala miwili. Ni kweli kazi ni nzito. Lakini mwalimu huyo, akipangiwa kufundisha darasa la V na la VI mwaka 2026, anashika mitaala miwili apende asipende, kwa sababu la V ni jipya na la VI ni la zamani. Kumfundisha mmoja tu chuoni hakumpunguzii mzigo. Kunamfanya aukute mzigo huo shuleni bila kamba ya kuufungia.

Hoja ya pili ni kwamba watoto wa aina hii ni wachache. Katika shule kubwa ya mjini huenda wakawa wachache kweli. Katika sehemu ambazo mto hufurika, ambako familia huhamia dungu wakati wa mpunga, na ambako mtoto husafiri kwa mtumbwi kwenda shule, kubaki nyuma mwaka mmoja si jambo la ajabu. Na hata angekuwa mmoja tu, mwalimu hakuajiriwa kufundisha walio wengi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ni kwamba tukiruhusu ya zamani yatajwe darasani, walimu wavivu watajificha humo. Hapa hatuna jibu la kumaliza ubishi. Twakiri kwamba hatari ipo. Twaona tu kwamba dawa yake ni kuweka tarehe na kuisimamia. Kukataza kitabu kilichokunjamana cha mtoto hakumtibu mwalimu mvivu. Nukuu zake za miaka 15 ziko kabatini kwake.

Basi mwanachuo afanye nini? Tutaeleza yale tuliyoyajaribu na wanachuo wetu kule kata ya Ruaruke katika wiki zilizobaki za mazoezi, bila kudai kwamba yamekamilika.

Jambo la kwanza lilikuwa kuhesabu. Kabla ya kuandika azimio la kazi, kila mwanachuo aliuliza darasa lake ni nani aliyesoma wapi mwaka jana na mwaka juzi. Jambo hili ni dogo hata laonekana la kipuuzi, lakini hakuna daftari la mahudhurio linalolijibu moja kwa moja. Daftari huonyesha kama mtoto yupo, halionyeshi ametoka katika mtaala upi. Majina yaliandikwa nyuma ya shajara ya mwalimu. Katika darasa tulilolieleza palikuwa na mvulana yule na wasichana wawili, mmoja wao alikuwa ameugua muda mrefu. Mwalimu wa darasa alikuwa akiwafahamu wote watatu kwa majina ya wazazi wao, lakini hakuwa amewahi kuwahesabu kama kundi lenye haja moja.

Lililofuata lilichukua muda zaidi. Mwanachuo aliuchukua muhtasari wa zamani na muhtasari mpya, akaviweka sambamba mezani, na kwa kila mada ya muhula akajiuliza: mada hii yaegemea nini? Alipoona kwamba yaegemea jambo lililofundishwa katika darasa la III jipya, alitafuta kama jambo hilo, au nduguye, lilikuwamo katika Maarifa ya Jamii au katika Sayansi na Teknolojia. Mara nyingi lilikuwamo, kwa jina jingine. Hapo ndipo kitabu kilichokunjamana kilipopata kazi. Badala ya "kimefutwa", mwanachuo alisema: "Fungua ukurasa ule uliosoma mwaka jana. Jambo hili sasa twaliita hivi, na kuanzia wiki ijayo tutalitafuta katika kitabu hiki kipya." Maneno hayo ni onyo kamili: la zamani lina mwisho, mwisho wake ni wiki ijayo, na mahali pa kwenda pameonyeshwa.

Pale ambapo jambo halikuwamo kabisa katika mtaala wa zamani, hapakuwa na njia ila kulifundisha upya. Tulishauri lifundishwe kwa darasa zima, kama marudio mafupi ya dakika chache mwanzoni mwa kipindi, ili wale watatu wasitengwe wakaonekana wajinga. Wengine nao walifaidika, maana si wote walioinua mikono siku ile walikuwa wakikumbuka walichojifunza. Twasema hili kwa hakika, kwa kuwa tuliyatazama madaftari yao.

Kuhusu ubao, tulikubaliana kwamba kwa wiki tatu za kwanza jina la zamani la mada liandikwe kwa herufi ndogo chini ya jina jipya, na baada ya wiki tatu lifutwe lisiandikwe tena. Mwanachuo mmoja alitaka liendelee muhula mzima kwa sababu, alisema, watoto wamelizoea. Tulimkatalia. Watoto walikuwa wamekwisha kulizoea jipya. Aliyelizoea la zamani alikuwa yeye.

Mwisho tuseme neno juu ya kosa letu wenyewe. Mwanachuo aliyesema "kimefutwa" hakulibuni neno hilo. Alilisikia chuoni. Mwaka 2024 muhtasari mpya ulipotufikia, tulikusanya nakala za ule wa zamani kutoka katika rafu za maktaba yetu na kuzifunga kwa kamba, zikapelekwa stoo, nasi tukawaambia wanachuo kwamba huo si wa kwao tena. Tulifanya hivyo kwa furaha ya mtu anayefagia nyumba kabla ya sikukuu. Lakini wakati huo darasa la IV, la V, la VI na la VII katika kila shule ya msingi ya Serikali yalikuwa yakifundishwa kwa muhtasari ule ule tulioufunga kamba, na wanachuo hao hao ndio waliokuwa wakienda kuyafundisha. Tuliporudi kutoka Ruaruke tulikwenda stoo. Panya walikuwa wamekula pembe za nakala chache, nyingine zilikuwa nzima. Zimerudi katika rafu, kila moja ikiwa na karatasi iliyobandikwa juu ya jalada: mtaala huu watumika hadi Desemba 2027, kwa madarasa yaliyotajwa hapa chini, kwa madarasa mengine tazama rafu ya pili.

Mvulana wa kitabu kilichokunjamana, akiendelea vema, atakuwa darasa la V mwaka 2026 na darasa la VI mwaka 2027. Wenzake aliowaacha deltani mwaka 2024 watakuwa darasa la VII mwaka huohuo. Watamaliza elimu ya msingi pamoja, yeye akiwa amekaa darasani miaka ileile waliyokaa wao, lakini akipimwa kwa mtaala ambao hakuusoma darasa la III. Bibi yake alituuliza kama mtoto amepoteza mwaka. Tulimjibu kwamba kwa hesabu ya miaka hakupoteza. Akatuuliza tena, kwa hesabu nyingine je? Mwanachuo wetu ndiye aliyemjibu, akamwonyesha daftari jipya la Jiografia na Mazingira, ambamo mvulana alikuwa amechora vijito vya mikoko, na pembeni yake akaandika kwa mkono wake saa za bamvua.